Mlango wa Nyuma wa Moyo

Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini kinuni, Zenaida alimsuka mama yake nywele. Mama Hermila aliketi kwenye kigoda, shuka mabegani, naye Zenaida alisimama nyuma yake na kichana mkononi. Hawakuwa na mazungumzo mengi saa hiyo. Ndani ya kifua cha mama kulikuwa na vali ya chuma aliyotiwa miaka sita iliyopita, na vali ile ilikuwa na sauti yake: tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyosahauliwa ndani ya kikombe. Mama akipiga miayo, sauti ilitoka zaidi, hata majirani wa chumba cha pili walimtania kwamba amemeza saa ya padri. Zenaida alizoea kuchana kwa kufuata mdundo huo. Tik, kichana kinashuka. Tik, kinashuka tena.

Ijumaa hiyo kichana kilipotea njia.

Kwanza alidhani ni usingizi wake mwenyewe. Akasimama, akainama, akasogeza sikio karibu na shingo ya mama. Sauti ilikuwepo, ila ilikuwa butu, kama kifuniko cha sufuria kinachoangukia juu ya kitambaa. Mara nyingine haikuja kabisa. Moyo ulipiga, chuma kikanyamaza.

"Mama, hebu fungua mdomo."

"Unataka kunihesabu meno?"

"Fungua tu."

Mama akafungua. Zenaida akasikiliza mpaka mama akachoka, akaufumba.

"Imebadilika."

"Imezeeka, kama mwenyewe. Nisuke, Tencha mwenye kinu atakufokea huko. Leo watu watataka unga mapema."

Zenaida akakumbuka zile ngazi za uani. Tangu mwanzo wa juma mama alikuwa akisimama katikati ya ngazi na kujifanya anakagua nguo za watu kwenye kamba. Mama Hermila hakuwa mtu wa kukagua nguo za watu.

"Siendi kinuni. Tunakwenda hospitali."

"Leo ni Ijumaa ya Mama wa Mateso, mwanangu! Nina altare ya kupamba. Ngano yangu ya altare imechipua vizuri mwaka huu."

"Altare itangoja."

Mama alimtazama kwa mshangao, kwa sababu Zenaida hakuwa msichana wa kuamua mambo. Kisha akajaribu kuinuka, akakaa tena, akashika ukingo wa meza. Hakubishana zaidi. Hakula kitu pia. Ijumaa zote za Kwaresima alifunga mpaka kengele ya adhuhuri.

*

Ukuta wa hospitali kuu ulikuwa na watu kuanzia langoni mpaka kwenye kona ya wauza maua. Wengine walikuwa wamelala hapo, maboksi yaliyokunjuliwa chini yao na blanketi juu. Harufu ya tamale za mahindi na kahawa ya mdalasini ilipita juu ya vichwa vyao. Mlinzi alitembea kando ya foleni na namba zake.

"Nani na wapi?"

"Moyo," alisema Zenaida. "Mama yangu."

"Nini?"

"Moyo."

"Sema kwa sauti, binti! Unaongea kama mtu aliyemeza pamba."

Watu wakageuka. Zenaida akahisi masikio yake yakiwaka. Mama akamwokoa: "Moyo, afande! Wa kwangu! Umechoka kunibeba!"

Mlinzi akawapa namba ya mwisho mwisho. "Mshukuru Mungu. Kuanzia kesho kliniki zimefungwa. Wiki Takatifu nzima, na wiki ya Pasaka pia. Asiyeonwa leo, tutaonana baada ya hapo."

"Na mgonjwa naye apumzike kuugua," alisema mzee mmoja nyuma yao. Alikuwa na kofia ya majani na fimbo, na chini ya shati lake karibu na bega palikuwa pamevimba pale alipowekewa betri ya moyo. Jina lake lilikuwa Fidencio. "Hapa, binti yangu, hata kifo kinapewa namba. Kikija bila namba kinarudishwa."

Foleni ikacheka. Mama Hermila alicheka pia, kisha ikabidi ashike ukuta ili apate pumzi.

*

Chumba cha altrasaundi kilikuwa na giza na baridi. Daktari Quiroz alikuwa mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha. Hakuuliza maswali mengi. Alimlaza Mama Hermila ubavu wa kushoto, akampaka jeli juu ya kovu refu la kifuani, akakandamiza kifaa.

"Baridi hiyo, daktari! Hata samaki sokoni anaonewa huruma kuliko mimi."

"Samahani, mama. Usiongee kidogo."

Kwenye skrini palitokea kitu cha kijivu kilichokuwa kikifumba na kufumbua. Zenaida alisimama mlangoni na mkoba wa mama kifuani. Aliona moyo wa mama yake, na katikati ya moyo aliona doa jeupe linalong'aa, na nyuma ya doa hilo palikuwa na weusi mtupu ulioshuka mpaka chini ya picha, kama kivuli cha mtu aliyesimama mbele ya taa.

Daktari akabonyeza kitufe. Chumba kikajaa sauti ya upepo mkali: fuuu, fuuu, fuuu. Rangi nyekundu na buluu zikaruka juu ya ule ukijivu. Akapima, akapima tena. Akarudi nyuma, akapima mara ya tatu.

"Nani aliyegundua?" aliuliza.

Mama akamwonyesha Zenaida kwa kidole.

"Uligundua nini?"

"Sauti," alisema Zenaida.

Daktari hakumwambia aseme kwa nguvu. Alisogea karibu. "Imekuwaje?"

"Imekuwa... kama imefunikwa."

Daktari Quiroz akaitikia kwa kichwa polepole, akawaonyesha skrini. Alieleza kwamba vali ile ina milango miwili midogo inayofunguka pamoja. Damu ikipita kwenye uwazi mpana inatembea. Ikipita kwenye uwazi mwembamba inakimbia, kama maji ya mpira unapouziba kwa kidole gumba. Damu ya Mama Hermila ilikuwa inakimbia.

"Mlango mmoja nauona unacheza. Wa pili siuoni. Huenda umekwama. Huenda uko mzima na umejificha kwenye kivuli hiki. Chuma kinayazuia mawimbi ya kifaa hiki, na nyuma yake siwezi kuona kitu."

"Sasa?"

"Sasa niingie kwa mlango wa nyuma. Njia ya chakula inapita nyuma ya moyo, imeugusa kabisa. Kuna kifaa kama mpira mwembamba. Mama anapewa usingizi mdogo, anakimeza, nami natazama kutoka huko. Huko hakuna kivuli."

"Na kama umekwama?" Mama aliuliza.

Daktari akavua glavu moja kwanza. "Kama ni damu iliyoganda, mama, inaweza kuifunga vali kabisa. Au kipande kinameguka na kupanda kichwani. Nikiiona leo, leo hii nakuanzishia dawa ya kuyeyusha au namwita mpasuaji. Nisipoiona siwezi. Dawa hiyo si ya kubahatisha. Inaweza kukutoa damu ubongoni bure."

Zenaida aliukaza mkoba.

"Dawa yako ya damu unakunywa?"

"Kila siku, daktari. Sijaacha hata moja. Mungu ananiona."

"Na kipimo cha kuganda kwa damu? Cha mwisho lini?"

"Kabla ya Krismasi. Tangu hapo dirishani wanasema kemikali ya kupimia imekwisha. Tunakuja, wanasema imekwisha, tunarudi."

"Unakula nini siku hizi?"

Hapo Mama Hermila akanyanyuka kwa fahari, jeli ikimtiririka. "Hapo hutanikuta na kosa! Niliweka nadhiri kwa Mama wa Mateso. Kwaresima nzima sijagusa nyama, wala mafuta ya nguruwe. Ni mchicha mwitu tu, asubuhi na jioni. Huyu mtoto ananichumia kando ya reli, rundo zima. Mchicha, mpungate, mchicha."

Daktari akaacha kuandika.

"Mama... ile dawa inafanya damu isigande kwenye chuma. Majani ya kijani yanapigana nayo. Ukila yale yale kidogo kila siku si neno, tunakadiria dawa kwa kula kwako. Lakini rundo asubuhi na rundo jioni, ghafla, majuma yote haya, na hakuna aliyekupima damu..."

"Lakini nyinyi wenyewe mmebandika!"

Mlango ulikuwa wazi. Ukutani, ng'ambo ya ukumbi, palikuwa na bango kubwa la moyo wenye macho na tabasamu, umekumbatia fungu la majani ya kijani. Zenaida alikuwa amelitazama bango lile kila walipokuja. Lilikuwa la picha, na picha alizielewa.

"Ndiyo," alisema Daktari Quiroz. "Tumebandika."

Zenaida alificha vidole vyake chini ya mkoba. Ncha zake zilikuwa bado na ukijani wa jana.

Daktari akaangalia saa. Alikuwa na wagonjwa wengine mpaka adhuhuri, na kabla ya kutumia usingizi ilimbidi ampate muuguzi wa kukaa naye. "Saa saba kamili. Mama, usile, usinywe, hata maji. Tumbo liwe tupu. Na wewe, binti, nenda kwa Bosi Barragán. Kifaa cha kooni ni kimoja, kimefungiwa kabatini, na ufunguo anao yeye. Mwambie nimekutuma mimi."

*

Bosi Barragán, msimamizi wa kitengo, alikuwa tayari amevaa shati la likizo, lenye maua, chini ya koti jeupe. Mezani palikuwa na funguo nyingi kwenye pete moja, karibu na miwani ya jua. Zenaida alisimama mbele yake mpaka alipomaliza kuongea na simu kuhusu chumba cha hoteli, huko pwani ya Veracruz.

"Daktari Quiroz ananituma. Kifaa cha kooni."

"Kitambulisho cha mgonjwa, nakala tatu. Chako, nakala tatu. Na uthibitisho wa makazi, bili ya maji au ya umeme."

"Vyote ninavyo, bosi. Nakala ndizo sina."

"Mashine yetu ya nakala imekufa. Kuna duka ng'ambo ya barabara." Akamtazama. "Unatetemeka nini? Mimi siumi. Kile kifaa kina bei kuliko nyumba yako na ya jirani yako. Cha kwanza walikivunja kwa haraka zao. Mimi nafuata taratibu tu."

Alirudi ukumbini kumuaga mama. Alimkuta ameketi karibu na Mzee Fidencio, kwenye viti vya plastiki, chini ya altare ambayo wafanyakazi walikuwa wameitengeneza mezani: kitambaa cha zambarau, Bikira mwenye upanga kifuani, machungwa yaliyochomekwa vibendera vya dhahabu, na vibakuli vya ngano iliyochipushwa gizani, ndefu na nyeupe.

"Nzuri," Mama alinong'ona, "ila ngano yao ni dhaifu. Yangu inaishinda."

"Usile, mama. Usinywe."

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

Dukani foleni ilitoka nje ya mlango. Kila mtu pale alikuwa ametumwa na dirisha fulani la hospitali. Mwenye duka, mwanamume mwenye kalamu sikioni, alifanya kazi bila haraka, akaweka karatasi, akangoja mwanga upite, akaweka nyingine. Bei ya nakala ilikuwa imepanda. Aliandika mpya juu ya ya zamani kwa wino mwekundu. "Msinilaumu mimi," alisema kila mara mtu alipofungua mdomo. "Nendeni mkamlaumu anayeuza karatasi." Halafu wino ukaisha, akaingia ndani kutafuta mwingine. Zenaida alitaka kuwaambia waliomtangulia: nipisheni, mama yangu yuko hatarini. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Kila mmoja pale alikuwa na mama, au mume, au mtoto.

Alipokuwa anavuka barabara kurudi, kengele za kanisa zilikuwa zimekwisha kulia zamani.

*

Aliwasikia kabla ya kuwaona. Ukumbini palikuwa na vicheko. Wafanyakazi wa ofisi walikuwa wakipita kati ya viti na madumu ya kinywaji chekundu, vikombe vya karatasi mkononi, kama ilivyo desturi siku hiyo kwenye kila nyumba yenye altare.

"Bikira amelia?" aliuliza mgonjwa mmoja kwa mzaha.

"Amelia!" wakajibu wafanyakazi. "Machozi haya hapa! Kunyweni!"

Mbele yao alikuwa Bosi Barragán mwenyewe, akimimina.

Mama Hermila alikuwa na kikombe mapajani. Kilikuwa kitupu. Mdomo wake wa juu ulikuwa na mstari wa wekundu.

"Mama. Umekunywa?"

"Kidogo."

"Mama!"

"Usinipigie kelele mbele za watu. Kengele ilikwisha lia, mfungo umekwisha. Na machozi ya Bikira hayakataliwi, hasa na mtu mwenye nadhiri."

"Daktari alisema hata maji!"

"Alisema hata maji, ndiyo..." Sauti ya mama ikapungua. "Bosi mwenyewe kanipa kwa mkono wake. Kasema, kunywa, mama, upate nguvu. Mtu mkubwa kama yule, ningemwambia nini? Nikajua yeye anajua."

Mzee Fidencio alikuwa akikitazama kikombe chake mwenyewe. "Mimi sikujua, binti yangu. Ningekipiga kwa fimbo."

Daktari Quiroz alikuja akiwa na muuguzi nyuma yake na barakoa shingoni. Aliona kikombe. Akakichukua, akatazama ndani. Mbegu ndogo zilikuwa zimebaki chini, kama mayai ya chura.

"Chia," alisema.

"Chia na tikiti," akasema Mama kwa aibu.

Daktari akafumba macho kidogo. "Yangekuwa maji matupu ningengoja muda wa saa mbili tu. Hivi ni chakula. Nikimlaza sasa akatapika, vitaingia mapafuni. Tungoje mpaka jioni. Nitabaki."

"Utabaki wewe, daktari," alisema Bosi Barragán, dumu bado mkononi. "Kifaa hakibaki. Kabati nafunga saa nane, na naondoka."

"Bosi, kinywaji umempa wewe."

"Nimewapa wote! Ni mila. Nimruke mmoja, waseme Barragán ana ubaguzi? Kila mgonjwa anajua masharti yake."

"Niachie ufunguo, basi. Nitaandika jina langu."

"Jina lililo kwenye ufunguo ni langu. Kikivunjika utakilipa kwa pesa gani? Kwa mshahara wa daktari mwanafunzi?" Akatabasamu kuwaangalia watu, kana kwamba walikuwa upande wake. "Baada ya Pasaka, daktari. Namba moja kabisa. Nampa neno langu."

"Baada ya Pasaka huenda hatakuwepo."

Daktari alisema hivyo kwa sauti ya chini, lakini ukumbi ulisikia. Mama Hermila alichora msalaba kifuani, juu ya kovu lake.

*

Walikwenda dharura, daktari mbele, Zenaida akimshika mama kiunoni. Huko watu walikuwa wamelala sakafuni kati ya vitanda. Mkuu wa zamu, mwanamke mnene aliyejaa jasho, alimtazama Mama Hermila kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Amekuja kwa miguu yake?"

"Ndiyo, lakini vali—"

"Midomo si ya buluu. Anaongea. Quiroz, mpenzi, angalia hapa. Nimweke wapi? Juu ya nani? Mrudisheni akizidiwa."

"Akizidiwa atakufa kabla ya kufika langoni."

"Basi ndiyo itakuwa dharura," alisema mkuu wa zamu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa tayari amegeukia machela nyingine.

Simu ya daktari ikalia. Wodini kulikuwa na mtu ambaye moyo wake umesimama. Daktari Quiroz alimshika Zenaida mkono, vidole vyake vikiwa baridi kwa jeli. "Rudini pale ukumbini, mkae. Nitampigia mkubwa wa hospitali, nitampigia nani sijui. Msiondoke." Akakimbia.

Walirudi polepole. Kila hatua chache Mama alisimama, na hapo hapakuwa na nguo za kujifanya anazikagua.

*

Ukumbi ulikuwa unapungua watu. Mfagiaji alikwisha anza kupandisha viti juu ya viti. Mzee Fidencio alikuwa bado pale; namba yake haikuitwa, naye alikataa kuamini kwamba haitaitwa. Bosi Barragán akatoka ofisini bila koti jeupe, miwani juu ya nywele, funguo zikilia kiunoni. Mkononi alikuwa na karatasi moja na kalamu.

"Mama Hermila. Huwezi kubaki hapa, tunafunga ukumbi. Binti, weka sahihi hapa chini, nikupe tarehe ya baada ya Pasaka."

"Daktari alisema tusiondoke," alisema Zenaida.

"Daktari ana kazi zake. Mimi nina ukumbi wa kufunga. Hapa chini. Mstari huu."

Mzee Fidencio akakohoa. "Karatasi ya hiari hiyo," alisema, bila kumtazama mtu. "Naijua. Mgonjwa anaondoka kwa hiari yake, hospitali haina lawama. Mke wangu alitoka humu kwa hiari, mwaka juzi. Kwa hiari, kama mimi nilivyozeeka kwa hiari. Tulifika naye mpaka kituo cha basi."

"Mzee, usiingilie."

"Siingilii. Naongea na fimbo yangu."

Mama Hermila akamvuta Zenaida sketi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Weka sahihi, mwanangu. Twende nyumbani. Tusiwe watu wa kelele. Nitalala, nitapona, utaona."

Zenaida akaipokea kalamu. Akaishika karatasi mbele ya macho, kwa umbali ule ule wa kawaida, akayatembeza macho yake kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa kwanza, mstari wa pili, kama alivyokuwa akifanya kila mara. Alikuwa hodari wa hilo. Alijua kusimama kidogo katikati ya mstari kama mtu anayefikiri. Alijua kuitikia kwa kichwa mwishoni. Tencha wa kinuni hakujua. Majirani hawakujua. Mama mwenyewe hakujua. Aliamini kwamba miaka ile michache ya shule ilimtosha mtoto kusoma kila kitu duniani. Siku walipomtia vali, Zenaida aliweka sahihi. Walipompa karatasi ya dawa na ya chakula, aliweka sahihi. Alisema ndiyo, asante, nimeelewa.

"Haraka, binti. Basi langu linaondoka."

Mama alikuwa akihema kwa mdomo. Muuguzi mmoja alisimama kwenye kona ya ukumbi, na mfagiaji aliacha kiti hewani.

Zenaida akaiweka kalamu juu ya kiti kitupu. Karatasi akamrudishia Bosi Barragán, akasubiri mpaka aipokee. Kisha akakaa chini kando ya mama yake, na akasema, na kila mtu ukumbini akamsikia:

"Sijui kusoma, bosi. Herufi nazijua, maneno yakiwa mengi yananishinda. Niliacha shule darasa la tatu, mama alipoanguka mara ya kwanza, na sijawahi kumwambia mtu, hata yeye. Kila karatasi mliyonipa hapa nimeiwekea sahihi bila kujua inasema nini. Hii nisomee wewe. Neno kwa neno, hawa wote wasikie. Ukimaliza, mtazame mama yangu usoni, umwambie anaondoka kwa kupenda kwake."